Kutoka Lisbon hadi Mirihi: Jinsi Mwanadamu Alivyojifunza Kusikiliza Mitetemo

Shimo lenye kina kirefu kuliko yote yaliyopata kuchimbwa na mwanadamu liko katika rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Wasovieti walianza kulichimba mwaka 1970, na kufikia mwaka 1989 walikuwa wameshuka mita 12,262. Huko chini mwamba ulikuwa na joto kupita walivyokadiria, na kazi ikakwama. Kutoka hapo hadi katikati ya Dunia zilibaki kilomita zaidi ya 6,350, ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona wala mkono uliowahi kuzigusa. Karibu kila jambo tunalolijua kuhusu kilomita hizo tumelipata kwa kusikiliza mitetemo ya ardhi. Kuhusu Mwezi na Mirihi hali ni hiyo hiyo. Elimu hii imechukua karibu miaka elfu mbili kukua, na kwa sehemu kubwa ya safari yake mwalimu wake amekuwa msiba.

Mwaka 132 wa zama zetu, huko Luoyang, mji mkuu wa China chini ya ukoo wa Han, mwanazuoni Zhang Heng alipeleka katika baraza la mfalme chombo cha shaba chenye umbo la gudulia kubwa. Kulizunguka tumbo lake yalipangwa majoka manane, kila moja limeshika kitufe mdomoni, na chini ya kila joka aliketi chura aliyepanua kinywa. Ardhi ikitikisika, joka la upande mmoja liliachia kitufe chake kikaangukia kinywani mwa chura. Kumbukumbu za kifalme zinaeleza kwamba mwaka 138 kitufe kilianguka bila mtu yeyote mjini kuhisi lolote, na siku chache baadaye mjumbe akawasili na habari za tetemeko huko Longxi, mbali upande wa magharibi. Mitambo ya ndani ya chombo hicho imepotea, ila wanahistoria wengi wanaamini ilikuwa na uzito uliosimamishwa au kuning'inizwa. Kama ni hivyo, basi kanuni ya kazi hii haijabadilika hadi leo. Uzito ulioachwa huru huchelewa ardhi inaposogea, na tofauti kati ya mwendo wa ardhi na ule wa uzito ndiyo inayopimwa.

Kwa karne nyingi baada ya Zhang Heng, watu walikuwa na maelezo mengi kuliko vipimo. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba tetemeko husababishwa na pepo zilizofungiwa katika mapango ya chini ya ardhi, na fundisho hilo lilipokewa na kuendelezwa na Ibn Sina katika karne ya 11. Wajapani walisimulia habari za kambare mkubwa anayejigeuza chini ya visiwa vyao. Katika simulizi zilizoenea katika ulimwengu wa Kiislamu wa zama za kati, Dunia ilibebwa na fahali aliyesimama juu ya samaki. Tusizidharau zama hizo. Jalal al-Din al-Suyuti, aliyefariki Cairo mwaka 1505, aliandika kitabu kizima cha kuorodhesha matetemeko yaliyotajwa na waliomtangulia hadi siku zake. Orodha za namna hiyo ndizo zinazowawezesha wataalamu wa sasa kujua Misri na Shamu zilitikiswa lini, miaka mia nyingi kabla ya chombo cha kwanza cha kisasa.

Mageuzi yalikuja kwa maafa. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, waumini wakiwa wamejaa makanisani, mji wa Lisbon uliporomoka. Bahari ikajitoa pwani kisha ikarudi kwa mawimbi makubwa, na moto ukawaka kwa siku kadhaa katika mabaki ya mji. Makumi ya maelfu ya watu walikufa katika Ureno, Hispania na Moroko. Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquis wa Pombal, alituma orodha ya maswali kwa kila parokia ya nchi: mtikisiko ulidumu kwa muda gani, bahari ilipanda au ilishuka kwanza, nyumba ngapi zilianguka. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo ya maswali ndiyo iliyozaa sayansi ya matetemeko, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza dola kuliuliza tukio lenyewe badala ya kutafuta wa kulaumiwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1760, Mwingereza John Michell alizikusanya habari za Lisbon na kutoa hoja kwamba tetemeko husafiri ardhini kama wimbi, na kwamba ukilinganisha saa lilipofika mahali mbalimbali unaweza kukadiria lilikoanzia.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya kuhesabu na kupima. Mwairishi Robert Mallet alisafiri kusini mwa Italia baada ya tetemeko la Desemba 1857, akapima nyufa za kuta na mwelekeo wa nguzo zilizoanguka, akizisoma kama maandishi yaliyoachwa na wimbi lililopita. Huko Dijon nchini Ufaransa, profesa Alexis Perrey alitumia miaka mingi kukusanya tarehe za matetemeko, akadai kwamba huongezeka wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na Mwezi unapoikaribia zaidi Dunia. Wenzake hawakushawishika, na kwa Dunia walikuwa na haki, maana athari hiyo ikipatikana ni ndogo mno. Jina la Perrey lilisahauliwa na wengi. Ilichukua miaka zaidi ya mia moja kugundua kwamba kanuni aliyoitafuta ipo, na inafanya kazi kwa nguvu zake zote juu ya Mwezi wenyewe.

Japani ndiko chombo cha kisasa kilikozaliwa. John Milne, Mwingereza aliyekwenda huko mwaka 1876 kufundisha mambo ya madini, alishuhudia tetemeko la Yokohama la tarehe 22 Februari 1880, na mwaka huo huo chama cha kwanza cha wataalamu wa matetemeko kikaundwa. Milne pamoja na wenzake James Ewing na Thomas Gray walitengeneza vipimatetemeko vilivyochora mwendo wa ardhi pamoja na wakati wake. Kisha ukatokea ugunduzi ambao hakuna aliyeutarajia. Tarehe 17 Aprili 1889, Ernst von Rebeur-Paschwitz, mwanaastronomia wa Ujerumani, aliona alama ya ajabu katika vyombo vyake vya Potsdam na Wilhelmshaven. Alikuwa amevitengeneza ili kupima jinsi mvuto wa Mwezi unavyoinamisha ardhi kwa kiasi kidogo sana. Baadaye akasoma katika jarida kwamba siku hiyo Tokyo ilitikisika. Wimbi lilikuwa limeipenya Dunia kutoka Japani hadi Ujerumani. Alikuwa akiutafuta Mwezi, akaipata Tokyo, na tangu siku ile tetemeko likawa taa ya kumulikia matumbo ya Dunia.

Miaka 50 iliyofuata ilikuwa ya kuichora ramani hiyo ya ndani. Richard Oldham, aliyechunguza tetemeko kubwa la Assam la mwaka 1897, alitenganisha aina za mawimbi: lile la haraka linalosukuma na kuvuta mwamba, lile la pili linaloutikisa kwa upande, na yale ya polepole yanayopita juu juu. Mwaka 1906 alionyesha kuwa Dunia ina kiini. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Kroatia aligundua mpaka wa ganda la nje. Mwaka 1913 Beno Gutenberg alikadiria kuwa kiini huanza kwenye kina cha kilomita 2,900 hivi. Ilikuja kujulikana kwamba wimbi la pili halipiti humo, nalo kwa tabia yake haliwezi kupita katika kimiminika, hivyo sehemu ya nje ya kiini ni chuma kilichoyeyuka. Inge Lehmann wa Denmark ndiye aliyekamilisha picha mwaka 1936. Alichunguza mawimbi dhaifu yaliyofika mahali ambapo hayakustahili kufika, akaamua kuwa ndani ya kile kiini cha majimaji kuna kingine. Leo tunajua kwamba kile cha ndani ni kigumu.

Afrika Mashariki ilikuwa sehemu ya masomo hayo tangu mapema, ingawa vitabu vyetu vya shule havisemi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, wakati huo likiwa chini ya utawala wa Wajerumani, lilipigwa na tetemeko ambalo ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani Afrika katika karne ya 20. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia nchini Kenya ilitikiswa kwa ukubwa wa 6.9, na ufa wa makumi ya kilomita ukaachwa wazi ardhini. Wakati huo hakuna aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini Bonde la Ufa linapasuka. Kipimo cha Charles Richter kilikuja mwaka 1935 na kuwapa watu namba ya kulinganishia tetemeko na tetemeko, lakini namba haikueleza chanzo.

Jibu lilitokana na hofu ya vita. Mataifa makubwa yalipohamishia majaribio ya nyuklia chini ya ardhi, Marekani ilitaka kujua kila mlipuko wa Wasovieti, na katika miaka ya 1960 ikasambaza duniani vituo zaidi ya 100 vya vipimatetemeko vya aina moja, kimoja kikiwa Nairobi. Vituo hivyo vilivyowekwa kusikiliza mabomu vilisikiliza pia matetemeko, na yalipowekwa kwenye ramani yalijipanga katika mikanda myembamba. Kufikia mwaka 1968 picha ilikuwa imekamilika: ganda la Dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea, na matetemeko mengi hutokea kwenye kingo zake. Muongo huo huo ulianza na tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa, lile la Chile la tarehe 22 Mei 1960 lenye ukubwa wa 9.5. Lilitikisa kwa nguvu hata Dunia nzima ikaendelea kuvuma kwa siku nyingi, sauti isiyosikika kwa masikio ila kwa vyombo.

Katika hali hiyo macho yakageukia juu. Mwaka 1962 Marekani ilirusha vyombo vya Ranger 3, 4 na 5, kila kimoja kikiwa na kipimatetemeko ndani ya mpira wa mbao laini ya balsa, ili kistahimili kishindo cha kuangukia Mwezini. Kimoja kilijibamiza upande wa nyuma wa Mwezi bila kutuma habari yoyote ya maana, viwili vikaupita na kupotelea angani. Ilibidi kungoja miaka saba. Mwezi Julai 1969 Buzz Aldrin wa Apollo 11 alikiweka kipimatetemeko cha kwanza juu ya uso wa dunia nyingine. Kilitegemea nguvu ya jua, kikasikia nyayo za wanaanga wakitembea, kikadumu kwa takriban wiki tatu. Kile cha Apollo 12 kiliwekwa mwezi Novemba kikiwa na betri ya nyuklia, na hicho ndicho kilichokuja kudumu kwa miaka.

Tarehe 20 Novemba 1969, baada ya wanaanga wa Apollo 12, Charles Conrad na Alan Bean, kurudi salama katika chombo chao kikuu, sehemu iliyowapandisha kutoka Mwezini iliachwa ianguke kwa makusudi, ili wataalamu wapate kishindo cha kujaribia chombo kipya. Duniani, kishindo kama hicho kingetuma mtetemo wa dakika chache na kutoweka. Mwezini mtetemo ulipanda polepole kwa dakika kadhaa, ukashuka polepole zaidi, na ulidumu karibu saa nzima. Gary Latham, aliyeongoza utafiti huo, na wenzake hawakuwa wameona jambo la namna hiyo. Mwezi Aprili 1970, kipande cha roketi ya Apollo 13 chenye uzito wa tani nyingi kilipopiga Mwezi, mtetemo ulidumu kwa zaidi ya saa tatu.

Sababu yake ni ya kuitafakari, kwa kuwa inagusa tofauti ya msingi kati ya ulimwengu wetu na ule. Mwamba wa Dunia una maji. Yamo katika vinyweleo vyake, katika nyufa, hata ndani ya fuwele za madini, na yanapotikiswa hula nguvu ya wimbi na kuigeuza joto. Mwamba wa Mwezi ni mkavu kupindukia. Mpiga ngoma yeyote anajua kwamba ngozi iliyolowa haina mlio, na ndiyo maana ngoma huotwa motoni kabla ya kuchezwa. Juu ya ukavu huo, mabilioni ya miaka ya kupigwa na vimondo yameuvunjavunja uso wa Mwezi kwa kina cha kilomita nyingi, hata wimbi linaloingia humo hugonga huku na kule, likirudi na kwenda, lisipate njia ya kutokea.

Apollo 14, 15 na 16 ziliongeza vituo hadi vinne, vikifanya pembetatu yenye pande za takriban kilomita 1,100. Kwa miaka hiyo vilirekodi matukio zaidi ya 12,000, na yalipochambuliwa yakagawanyika katika makundi manne. Vimondo vilivyoanguka vilihesabiwa zaidi ya 1,700, na kimoja kikubwa kilichopiga upande wa nyuma tarehe 17 Julai 1972 kilidokeza kwamba mwamba wa ndani kabisa wa Mwezi umelainika. Kundi la pili lilikuwa mitetemo midogo ya joto na baridi, iliyoanza jua linapochomoza baada ya usiku wa Mwezi unaodumu siku zetu 14, mwamba ukipata moto na kupasukapasuka. Mawili yaliyobaki ndiyo yaliyobadilisha elimu.

La kwanza kati ya hayo ni matetemeko ya kina. Yalikuwa mengi kwa maelfu, madogo kiasi kwamba mtu aliyesimama juu yake asingehisi kitu, nayo yalitokea mahali pale pale na kurudia kwa umbo lile lile kila siku 27 hivi. Hicho ndicho kipindi cha Mwezi kuizunguka Dunia. Mvuvi wa pwani yetu anaijua nguvu hiyo kwa upande wake mwingine: ndiyo inayoleta maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Mwezi unavuta bahari yetu, na Dunia, iliyo na uzito mara 81 ya ule wa Mwezi, inavuta mwamba wa Mwezi. Njia ya Mwezi haiko mviringo kamili, hivyo mvuto huo huzidi ukikaribia na kupungua ukienda mbali, na mwamba ulioko kati ya kilomita 700 na 1,200 chini hukandamizwa na kuachiwa mwezi baada ya mwezi. Katika Dunia, kilomita 700 hivi ndiyo mwisho wa kina cha matetemeko. Ya Mwezi yanaanzia pale ambapo yetu yanakomea. Kile alichokiona Perrey katika tarehe zake, na ambacho Dunia haikumpa, Mwezi ulikitoa kwa utaratibu wa saa.

Kundi la mwisho lilikuwa dogo kwa idadi lakini kubwa kwa nguvu. Ni matetemeko 28 tu yasiyo ya kina kirefu, makubwa zaidi yakifikia ukubwa wa 5 au zaidi. Hayakufuata siku 27 wala mapambazuko. Mtetemo wake wa nguvu uliweza kudumu zaidi ya dakika 10, ilhali tetemeko kubwa la Dunia hutikisa kwa nguvu kwa sekunde makumi au kwa dakika chache. Yosio Nakamura, aliyeyachunguza kwa miaka mingi huko Texas, aliyaona kuwa ndiyo yanayokaribiana zaidi na matetemeko yetu. Chanzo chake kilibaki fumbo.

Kisha, tarehe 30 Septemba 1977, vituo vyote vikazimwa kutoka Dunia. Vilikuwa bado vinafanya kazi, ila fedha za kuvihudumia zilikuwa zimekatwa. Nasema bila kusita kwamba ulikuwa uamuzi mbaya. Gharama ya kuvifikisha Mwezini ilikuwa imekwisha kulipwa na kilichobaki kilikuwa gharama ndogo ya kuvisikiliza. Kwa miaka zaidi ya 40 iliyofuata hapakuwa na kipimatetemeko kilichofanya kazi Mwezini.

Sayari nyingine nazo zilijaribiwa bila mafanikio makubwa. Viking 1 na Viking 2 zilitua Mirihi mwaka 1976. Kipimatetemeko cha kwanza hakikufunguka kutoka kwenye vifungo vyake. Cha pili kilifanya kazi lakini kilikuwa juu ya chombo badala ya kuwekwa ardhini, hivyo kikasikia zaidi upepo ukikipiga chombo, na tukio moja tu la mwaka huo lilidhaniwa kuwa tetemeko. Mwezi Machi 1982 vyombo viwili vya Wasovieti vilitua Zuhura, ambako joto hupita nyuzi 450. Venera 13 ilidumu dakika 127, Venera 14 dakika 57, na hii ya pili ilirekodi mitetemo miwili midogo ambayo huenda ilitoka ardhini. Hata Jua lilikutwa likitikisika: wachunguzi wa picha za chombo cha SOHO waligundua mawimbi yaliyoenea juu ya uso wake baada ya mlipuko wa tarehe 9 Julai 1996.

Karne mpya ilianza na ukumbusho wa kutisha. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari karibu na Sumatra ilipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1. Sunami iliyofuata iliua watu zaidi ya 220,000 kandokando ya Bahari ya Hindi, na mawimbi yake yakafika hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Dunia nzima ilivuma tena kwa wiki kadhaa, kama baada ya Chile, na safari hii vyombo vya kidijitali viliinasa sauti hiyo vizuri kuliko wakati wowote. Hapo ndipo tofauti inapoonekana: Dunia huhitaji tetemeko kubwa mno ili iendelee kuvuma, wakati Mwezi ulitosheka na kipande cha roketi.

Wakati huo huo kanda za Apollo, zilizokaa makabatini, zilianza kusomwa upya kwa kompyuta ambazo wenye kuzirekodi hawakuwa nazo. Mwaka 2011 Renee Weber na wenzake walitangaza kwamba katika mitetemo ya miaka ya 1970 wameona dalili za kiini cha Mwezi: sehemu ngumu ya ndani yenye nusu kipenyo cha kilomita 240 hivi, ikizungukwa na chuma kilichoyeyuka hadi kilomita 330. Mwaka 2019 Thomas Watters na wenzake walitumia picha za chombo kinachozunguka Mwezi, zinazoonyesha maelfu ya kingo ndogo za mipasuko. Walipopima upya mahali pa yale matetemeko 28, manane yakaangukia karibu na mipasuko hiyo. Maelezo yao ni kwamba Mwezi unapoa na kusinyaa. Umesinyaa takriban mita 50 katika mamia ya mamilioni ya miaka yaliyopita, na ganda lake lisilokunjika linavunjika.

Ndipo ikaja zamu ya Mirihi. Chombo cha InSight kilipaswa kuondoka mwaka 2016, lakini kipimatetemeko chake, kilichotengenezwa chini ya uongozi wa Wafaransa, kilikutwa na uvujaji katika chumba chake kisicho na hewa, na safari ikaahirishwa kwa miaka miwili. Kilitua katika uwanda wa Elysium tarehe 26 Novemba 2018. Waliokijenga walikuwa wamejifunza kutokana na Viking: mkono wa chombo uliweka kipimatetemeko ardhini na kukifunika kwa kawa la kukikinga na upepo. Tarehe 6 Aprili 2019 kilisikia tetemeko la kwanza la Mirihi, na hadi kilipozimika mwezi Desemba 2022, vumbi likiwa limefunika paneli zake za jua, kilikuwa kimerekodi zaidi ya 1,300. Mengi ya makubwa yalitoka eneo moja, mipasuko ya Cerberus Fossae, ambako volkano ziliwaka katika zama za karibuni kwa hesabu za jiolojia.

Tetemeko la Mirihi kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 4 Mei 2022, ukubwa wake ukiwa 4.7, na lilitoa nguvu kupita jumla ya mengine yote. Wengine walidhani ni kimondo, kwa sababu tarehe 24 Desemba 2021 kimondo kilikuwa kimechimba shimo la upana wa mita 150 hivi na kufukua barafu. Mwanasayansi Benjamin Fernando alizishirikisha taasisi zenye vyombo vinavyoizunguka Mirihi, zikiwemo za Ulaya, China, India na Umoja wa Falme za Kiarabu, nazo zikatafuta shimo jipya bila kulipata. Ilibidi kukubali kwamba Mirihi, isiyo na mabamba yanayosogea, bado ina mkazo ndani ya ganda lake wa kuivunja miamba. Mitetemo hiyo ilifichua pia kiini cha majimaji, ambacho makadirio yaliyorekebishwa mwaka 2023 yanakipa nusu kipenyo cha takriban kilomita 1,650, huku juu yake pakiwa na tabaka la mwamba ulioyeyuka. Kwa urefu wa mvumo wake, Mirihi iko kati ya Dunia na Mwezi, nayo kwa ukavu iko kati yake vilevile.

Tukiziweka dunia hizi tatu pamoja, tunaona kwamba kila moja hutetemeka kwa kadiri ya joto lililobaki ndani yake. Dunia ni kubwa, joto lake halijaisha, na linaendelea kusukuma mabamba, hata kwa wastani hupata kila mwaka matetemeko 15 hivi ya ukubwa wa 7 au zaidi. Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe 10 Septemba 2016 mji wa Bukoba ulipata tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa na nyumba kwa maelfu zikabomoka. Tetemeko hilo moja lilikuwa kubwa kuliko lolote lililosikika Mirihi kwa miaka minne. Mirihi ni ndogo na imepoa zaidi, Mwezi ni mdogo kuliko zote, na kama usingekuwa na jirani mzito wa kuuvuta, matetemeko yake mengi yasingekuwepo.

Ukimya wa Mwezi ulivunjwa na India. Chandrayaan-3 ilitua karibu na ncha ya kusini tarehe 23 Agosti 2023, na chombo chake cha kupimia mitetemo kilisikia magurudumu ya gari lake dogo likitembea, na tarehe 26 Agosti kikanasa tukio lililoonekana kuwa la asili. China imepanga kupeleka kipimatetemeko huko huko kusini kwa Chang'e 7, na Marekani imepanga kukipeleka kingine Titan, mwezi wa Zohali, kwa chombo cha Dragonfly kitakachorushwa mwaka 2028. Mataifa haya yanazungumzia kujenga makazi kwenye ncha ya kusini ya Mwezi. Matetemeko 28 yaliyohesabiwa kwa miaka michache tu, yenye uwezo wa kutikisa jengo kwa dakika 10, ni sababu tosha ya kutanguliza vyombo vya kusikilizia kabla ya kuta kusimama. Pombal alianza kuuliza maswali baada ya Lisbon kuanguka, lakini hawa wanayo nafasi ya kuyauliza mapema.

Kwa mwanafunzi wa Dodoma, Nairobi, Kampala au Bujumbura anayesoma haya, liko jambo moja la kujua. Kumbukumbu za Apollo na za InSight ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na mtandao, bila malipo na bila kuomba ruhusa. Kiini cha Mwezi kilipatikana ndani ya kanda zilizokwisha kutimiza zaidi ya miaka 30, na mwaka 2024 mtafiti mmoja wa Japani, akichambua sehemu ya kumbukumbu za Apollo iliyokuwa imeachwa, aliongeza matukio zaidi ya 20,000 ambayo hayakuwa yamehesabiwa. Kazi haijaisha, nawe unayeishi juu ya Bonde la Ufa una sababu kuliko wengi ya kujifunza kuifanya.